Binti Yetu Hataki Tena Mwaka Mpya wa Kichina

Swali

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tukuyu katika familia ya Kimoravian, na kwa miaka mingi sasa ninaishi na mume wangu, ambaye ni Mmarekani, katika jimbo la Minnesota. Hatukujaliwa kupata mtoto wa kumzaa, na mwaka 2018 tulimuasili binti kutoka China akiwa na umri wa miaka miwili na nusu. Tulikabidhiwa mtoto huyo mjini Nanning, makao makuu ya jimbo la Guangxi, ndani ya ofisi ya serikali iliyojaa wageni kama sisi na watoto waliokuwa wakilia, kisha tukasafiri naye hadi Guangzhou kusubiri viza yake kwenye ubalozi mdogo wa Marekani. Alizaliwa na mdomo sungura. Alifanyiwa upasuaji wa kwanza akiwa bado katika kituo cha kulelea watoto na mwingine baada ya kufika huku, na leo ni msichana wa miaka kumi mwenye afya njema, anayependa kuogelea na kuchora, na anayejua Kiswahili cha kutosha kumwamkia bibi yake kwenye simu na kuomba chapati.

Tangu mwanzo mume wangu alisisitiza kwamba hatutamnyima mtoto asili yake, nami nilikubaliana naye kwa moyo wote. Kila mwaka tumeadhimisha Mwaka Mpya wa Kichina katika ukumbi wa kanisa letu: taa nyekundu za karatasi, joka la karatasi ukutani, biskuti za bahati, chakula kilichonunuliwa mgahawani, na binti yetu amesimama kwenye meza ya mlangoni, amevaa gauni la Kichina la hariri, akiwagawia wageni bahasha nyekundu zenye peremende. Waumini wenzetu hufurahi sana, na picha zake huwekwa mtandaoni.

Mwaka huu sikukuu iliangukia Jumanne tarehe 17 Februari, nasi tukafanya sherehe Jumapili iliyotangulia, baada ya ibada. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema asiye na nia mbaya hata kidogo, akamwomba aseme neno lolote la Kichina ili watu wamsikie. Akanyamaza. Mzee akarudia ombi lake huku akitabasamu, na watu waliokuwa karibu wakageuka kutazama. Nilimwona mwanangu akiikunja bahasha aliyokuwa nayo mkononi, akaikunja tena na tena, mpaka ikapasuka na peremende zikaanguka sakafuni. Usiku, nilipokuwa nikimsuka, aliniambia: "Mama, mwakani sitaki. Hii si sikukuu yangu, ni sikukuu yenu."

Nimebaki njia panda. Mume wangu anaona kwamba huo ni utoto utakaopita, na kwamba tukiacha sasa atakuja kutulaumu akiwa mkubwa. Mama yangu mzazi, aliyeko Tukuyu, hajawahi kuelewa jambo hili tangu lianze. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," huniambia, "na huyu ni mjukuu wangu. Kwa nini kila mwaka mnamkumbusha kwamba ametoka kwa watu wengine?" Katika kikundi chetu cha maombi cha watu wa Afrika Mashariki, dada mmoja alinionya kwamba joka lile la ukutani ndilo la Ufunuo sura ya 12, na kwamba Wachina katika sikukuu zao huabudu wafu. Iko pia siku nyingine: kila Novemba tunakata keki kuadhimisha siku tuliyokabidhiwa binti yetu, na miaka ya karibuni amekuwa akila kipande chake kimyakimya na kuomba ruhusa ya kwenda chumbani.

Niseme pia lililo moyoni, ambalo sijamwambia hata mume wangu. Kila tunapotundika taa ya Kichina, ninajihisi kama ninayemwambia mtoto wangu kwamba mimi si mama yake. Yuko mama mwingine nisiyemjua jina, ambaye kwa mujibu wa jalada alimwacha kwenye lango la hospitali akiwa na siku chache tu duniani. Je, tuache sikukuu hizi kabisa, tumlazimishe kwa faida yake ya baadaye, au tufanye nini?

Mama wa binti mmoja, Minnesota

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Sikukuu msiiache. Kinachopaswa kuachwa, tena kiachwe sasa, ni ile meza ya mlangoni pamoja na yote yanayoizunguka: gauni la kuvaliwa ili watu watazame, ombi la kusema Kichina, na picha za mtandaoni, ambazo ningewashauri mziondoe baada ya kumuuliza yeye ni zipi angependa zibaki. Mume wako amefanya jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi, yaani kukubali kwamba mtoto alikuwa na maisha kabla ya kufika kwao, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini mwambie kwamba maneno ya binti yenu si utoto. Ameyaona mambo kwa usahihi mkubwa, na mkiyachunguza maneno yake mtakuta ndani yake jibu la sehemu kubwa ya barua yako.

Tazama jinsi sikukuu hii inavyoendeshwa kwao. Kiini chake ni chakula cha usiku wa mkesha, ambacho huliwa na watu wa nyumba moja waliokusanyika kwa wazazi au kwa babu na bibi. Ndiyo maana kila mwaka katika majuma hayo treni, mabasi na ndege za China hubeba mamia ya mamilioni ya watu wanaorejea makwao. Nyumba husafishwa kabla ya siku yenyewe, na siku ya kwanza ya mwaka ufagio haushikwi, ili bahati isije ikafagiliwa nje. Samaki huletwa mezani akiwa mzima, na katika nyumba nyingi sehemu yake husazwa kwa makusudi, kuwa ishara kwamba mwaka unaoingia utakuwa na akiba. Kisha wakubwa huwapa wadogo bahasha nyekundu zenye fedha ndani. Wakubwa hutoa, na watoto hupokea. Kwenu, mtoto pekee mwenye asili ya Kichina ndiye aliyesimama mlangoni kuwagawia watu wazima. Hata zile biskuti za bahati hazimo katika sikukuu za China. Zilianza kuenea kutoka California, kwa mikono ya wahamiaji wa Kijapani. Huenda binti yako hazijui habari hizi zote, lakini mtoto wa miaka kumi anajua vizuri nani ni mwenyeji wa shughuli na nani ameletwa kutazamwa.

Mwakani Mwaka Mpya utaangukia Jumamosi tarehe 6 Februari, kwa hiyo mkesha wake ni Ijumaa tarehe 5. Usiku huo kaeni nyumbani. Pikeni samaki mzima, mpeni binti yenu bahasha yenye noti mpya kutoka mikononi mwenu, na kama anataka, aalike rafiki mmoja au wawili wa kuchagua mwenyewe. Akisema kwamba hataki hata hilo, msimlazimishe, wala msiahirishe: pikeni, wekeni meza, kaeni mle, naye akae au asikae. Krismasi hamumwombi aisimamie au aieleze kwa wageni. Inakuja nyumbani kwenu kwa sababu ni ya nyumba nzima, naye huifurahia au huichoka kama mtoto mwingine yeyote. Apewe uhuru uo huo kwa sikukuu hii.

Kisha iko habari ya jimbo lake, ambayo naona haijaguswa kabisa. China ni kubwa mno kuadhimishwa kama kitu kimoja, na binti yako ametoka Guangxi, jimbo la kusini linalopakana na Vietnam, ambalo tangu 1958 linatambuliwa rasmi kuwa jimbo linalojitawala la Wazhuang, mojawapo ya makabila ya China, ingawa Wahan, kabila kubwa kuliko yote nchini humo, ndio walio wengi jimboni. Watu wa kaskazini ya China usiku wa mkesha hukunja jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama na mboga. Huko Guangxi watu hufunga zongzi za Mwaka Mpya, yaani wali wa kunata wenye nyama ya nguruwe na choroko zilizokobolewa, unaofungwa kwa majani mapana na kuchemshwa kwa saa nyingi. Majani yao huenda usiyapate, lakini majani ya mgomba yaliyogandishwa huuzwa katika maduka ya vyakula vya Asia huko Marekani, nawe uliyekulia Tukuyu huna haja ya kufundishwa na mtu namna ya kulilainisha jani la mgomba juu ya moto ili lisipasuke wakati wa kufunga.

Mwezi wa tatu wa kalenda yao, siku ya tatu, Guangxi ina sikukuu ambayo wageni wengi hawajaisikia. Mwaka huu ilikuwa tarehe 19 Aprili. Wazhuang hukusanyika na kuimba nyimbo za kujibizana, na majumbani hupikwa wali wa kunata wa rangi tano: mweusi, mwekundu, wa njano, wa zambarau na mweupe. Rangi hizo hutoka kwenye majani na maua. Mchele huloweshwa katika maji ya kila mmea mpaka ushike rangi, kisha hupikwa kwa mvuke na kupangwa kwenye sinia fungu kwa fungu. Jikoni kwako manjano yatatoa rangi ya njano, maji ya kabichi ya zambarau yatatoa ya pili, na msichana anayependa kuchora atatafuta nyingine mwenyewe akiachiwa bakuli na muda. Sisemi kwamba binti yako ni Mzhuang, kwa sababu jalada lake haliwezi kukuambia hilo. Nasema kwamba kama angekulia Nanning, siku hiyo asingekwenda shule, maana tangu 2014 ni siku ya mapumziko kwa wakazi wote wa jimbo. Na msingoje sikukuu peke yake. Supu ya tambi za mchele, ambayo watu wa Guangxi huinywa asubuhi kama kifungua kinywa cha kawaida, inaweza kupikwa siku yoyote ya juma bila taa wala hotuba.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta Mchina mmoja katika sherehe zenu za miaka yote hii, na sikumwona isipokuwa binti yako. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine. Katika miji ya Minneapolis na St. Paul wako Wachina wengi, wana shule za lugha za mwishoni mwa juma, wana makanisa, wana maduka na migahawa. Nendeni kwao mkiwa wageni. Mkae nyuma, mle mtakachopewa, muulize, mjifunze majina ya watu, na mzoee kurudi katika siku zisizo za sikukuu. Binti yako anahitaji kuwaona watu wazima wanaofanana naye wakiwa katika shughuli zao za kila siku: anayeng'oa meno, anayefundisha kuogelea, anayemgombeza mjukuu kwa kutoka nje bila koti. Minnesota yenyewe ina funzo katika jambo hili. Baada ya Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, maelfu ya watoto wa Kikorea waliasiliwa na familia za Marekani, na jimbo hilo lilipokea wengi sana. Wazazi wao, kwa mapenzi mema kama yenu, walianzisha makambi ya kiangazi ya kufundisha chakula, ngoma na nyimbo za Korea. Watoto hao sasa ni watu wazima, na wengi wao wamesema hadharani kwamba waliyathamini makambi hayo, hasa kwa sababu ya kukutana na wenzao, lakini juma moja la kiangazi halikuweza kutosha pale ambapo mwaka mzima uliobaki walikuwa wao peke yao darasani, kanisani na mtaani.

Suala la wenzake nalo lina uzito wa pekee kwa kizazi cha binti yako. Tangu China ilipofungua mlango huo kwa sheria ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto zaidi ya 160,000 wameasiliwa na familia za nchi za nje, na zaidi ya 82,000 kati yao walipelekwa Marekani. Safari hizo zilisimama mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, na Septemba 2024 serikali ya China ikatangaza kwamba imeukomesha utaratibu huo, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na watoto wa kambo. Maana yake ni kwamba binti yako ni miongoni mwa watoto wa mwisho waliopita njia hiyo. Vikundi vya familia vilivyokuwa vikikutana vinapungua kadiri watoto wanavyokua na kuondoka, na hawafuatwi na wadogo zao. Ukipata huko mlipo hata familia mbili zenye binti wa umri wake aliyetoka China, shikamana nazo, na uwaachie wasichana hao nafasi ya kukaa pamoja bila kuambiwa wazungumze nini.

Kuhusu keki ya Novemba, rudi kwenye sentensi uliyoiandika mwenyewe: ofisi ile ilijaa watoto waliokuwa wakilia. Kwenu ninyi ilikuwa siku ya kujibiwa maombi ya muda mrefu. Yeye siku hiyo alitengana na mlezi aliyejua usingizi wake, lugha aliyoanza kuielewa, na chakula alichokizoea, akawekwa mikononi mwa watu wawili ambao sauti zao hakuwahi kuzisikia. Watu wazima wengi walioasiliwa wamekuwa wakieleza kwamba siku kama hiyo hubeba furaha na msiba kwa pamoja, na kwamba keki na makofi huwafanya waone aibu kwa sehemu ile ya msiba. Mwulize mwaka huu, kabla tarehe haijafika, angependa siku hiyo ipite vipi. Inawezekana akataka mtazame picha za Nanning, au akataka mfanye kama hamjaikumbuka. Lolote atakalochagua mlikubali, na mwakani mwulize upya, kwa kuwa akiwa na miaka kumi na mmoja anaweza kutaka kingine.

Sasa nije kwa yule mama mwingine. Umeandika kwamba jalada linasema alimwacha kwenye lango la hospitali. Ninavyoyafahamu majalada ya namna hiyo, kwa kawaida huandika mahali mtoto alipokutwa na umri aliokadiriwa kuwa nao. Aliyemweka pale hawamjui. Huenda alikuwa mama, huenda alikuwa baba, huenda alikuwa bibi ambaye hakumwambia mtu. Kwa kuwa kumtelekeza mtoto ni kosa la jinai nchini China, watu hawakuacha majina. Usimwambie binti yako kwamba alitolewa kwa sababu ya sera ya mtoto mmoja, kwa maana sera hiyo ilikwisha kulegezwa kuwa ya watoto wawili kuanzia Januari 2016, na katika miaka ile mliyompata, wengi wa watoto waliokuwa wakiasiliwa kutoka China walikuwa na tatizo la kiafya linalohitaji matibabu. Usimwambie pia kwamba alitolewa kwa sababu ya mdomo wake. Mwambie mnachokijua: kwamba alikutwa mahali ambapo madaktari walikuwapo. Na habari hiyo iwe yake. Isisimuliwe kwenye kikundi cha maombi wala kwa mashangazi, mpaka yeye mwenyewe atakapoamua kuisimulia.

Kalenda ya Kichina inakupa usiku unaofaa kwa mazungumzo hayo. Sikukuu ya Katikati ya Vuli mwaka huu ni Ijumaa tarehe 25 Septemba, mwezi ukiwa mpevu. Watu hula keki za mwezi, na kwa muda mrefu usiku huo umekuwa wa kuwakumbuka walio mbali, kwa kuwa waliotengana wanatazama mwezi ule ule. Kateni keki moja vipande vidogo, kama ilivyo desturi, maana ni tamu na nzito, na mkae nje ikiwa baridi ya Minnesota itaruhusu. Hakuna haja ya kuanzisha mada. Unaweza kusema tu kwamba usiku kama huu wewe huwafikiria waliomzaa, na kwamba hukasiriki wala huumii yeye akiwafikiria. Akinyamaza, nyamaza naye.

Naona hofu yako juu ya mama huyo ndiyo inayoyashikilia mengine yote, kwa hiyo niseme nawe wazi. Siku mtoto huyu alipotaka kuikataa sikukuu, alikuja kuikataa kwako, ameketi mbele ya magoti yako, nywele zake mikononi mwako. Hakumwendea mzee wa kanisa, wala baba yake aliyeipanga sherehe. Anakuamini kiasi cha kukuambia kwamba umemkosea, jambo ambalo watoto wengi walioasiliwa hawathubutu kulifanya kwa hofu ya kuonekana hawana shukrani. Huwezi kupoteza nafasi hiyo kwa kutundika taa.

Tena una kitu ambacho mume wako, kwa mapenzi yake yote, hana. Wewe ni Mtanzania katikati ya watu wa Minnesota. Sina shaka umewahi kuombwa, na watu wema wenye tabasamu, useme neno la kwenu, au uvae kitenge siku ya misheni, au uwaelezee Afrika kwa dakika tano kabla ya chai. Mweleze binti yako jinsi unavyojisikia katika saa hiyo, na unavyojibu usipotaka kujibu. Mfundishe maneno ya kukataa kwa adabu: "Leo sipendi kusema, asante." Na mkubaliane kwamba akikuangalia kwa namna fulani ukumbini, utamfuata na kumtoa. Msaada wa namna hii hautoki katika kitabu chochote cha desturi za China, nao anauhitaji kabla ya Februari nyingine kufika.

Mama yako naye asikilizwe, kwa sababu anachotetea ni haki ya mjukuu wake kuwa wa nyumbani kabisa. Mkumbushe, kwa heshima, jinsi watoto wanavyolelewa na ndugu huko kwetu. Mtoto aliyekulia kwa shangazi au kwa mjomba huitwa mwanangu bila kusita, hulishwa na kusomeshwa kama wengine, na bado wakubwa humweleza ametoka ukoo gani na kwao ni wapi. Hakuna anayeona kwamba kumweleza hivyo ni kumfukuza. Binti yako naye anastahili kuelezwa, ingawa kwake sehemu kubwa ya maelezo itabaki wazi. Na mama yako anaweza kushiriki: awe yeye bibi wa kumpa bahasha nyekundu mwakani. Mtumie moja mapema, aitie noti ya shilingi, airudishe kwa msafiri.

Limebaki onyo la dada yenu wa maombi, nalo linastahili jibu la staha. Joka la Wachina ni kiumbe kinachohusishwa na mvua, mito na baraka za mavuno, na historia yake haikutokana na maono ya Yohana. Hata hivyo, kwa kuwa lilikuwa pambo la ukumbini tu, mnaweza kuliondoa bila kupoteza chochote cha Guangxi. Swali la wafu ni zito zaidi, na Wakristo wamelijadili kwa karne nyingi: Kanisa Katoliki lilikataza heshima za mababu kwa waumini wake wa China katika karne ya 18, kisha mwaka 1939 Roma ikaziruhusu, ikiziona kuwa heshima za kijamii. Lakini mwulize dada huyo yeye mwenyewe amezoea nini. Mapema Aprili, katika siku za Qingming, Wachina huenda makaburini, hung'oa magugu, husafisha mawe na kuweka maua. Wewe umekulia katika kanisa ambalo alfajiri ya Pasaka waumini huenda makaburini wakiimba, na mwaka huu Qingming na Pasaka ziliangukia siku moja, Jumapili tarehe 5 Aprili. Kuyatunza makaburi na kuwakumbuka walio humo hakujawahi kuhesabiwa kwenu kuwa ni kuabudu wafu.

Yako mambo ambayo nyumba ya Kimoravian itayaacha: kufukiza ubani na kuwawekea mababu sadaka, na ile picha ya mungu wa jikoni ambayo katika nyumba nyingi huchomwa siku chache kabla ya Mwaka Mpya. Wakristo wengi wa China nao huyaacha, na bado hula samaki wao, hufunga zongzi zao na kuwapa watoto bahasha. Mkitaka kujua mpaka huo unapita wapi, mchungaji wa kanisa la Kichina lililo karibu nanyi atakuwa amekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi, na kumtembelea kwa ajili ya kumuuliza ni njia njema ya kuanza kufahamiana.